Semina za utafiti kila mwaka, mbona bado tunaogopa data?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika idara ya uchumi na biashara ya chuo kikuu kimoja binafsi hapa Dar es Salaam. Kila mwaka tunaandaa semina ya siku tatu ya mbinu za utafiti, na mara mbili tumemleta mkufunzi kutoka nje ya nchi. Hata hivyo, tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili zinafanana kama sare za shule, na sisi wenyewe wahadhiri vijana tunaogopa kugusa data. Mwaka huu idara imetengewa shilingi 12,000,000, na mkuu wa idara anapendekeza tununue leseni za programu ya takwimu kisha turudie semina. Je, fedha hiyo itatufikisha, au kuna njia nyingine?

JIBU: Marahaba, na ahsante kwa swali lililonyooka. Nitajibu kwanza kwa ufupi. Leseni msinunue, na semina ya siku tatu msiirudie. Itumieni fedha hiyo kuwakalisha watu wachache, ninyi wahadhiri vijana mkiwa wa kwanza, mbele ya data halisi kwa mwaka mzima, mkirudia hatua kwa hatua utafiti uliokwisha kuchapishwa mpaka majedwali yenu yalingane na ya waandishi, au mjue kwa hakika ni kwa nini hayalingani. Semina si kitu kibaya, ila kazi yake ni kufundisha majina ya vitu. Fundi wa samani pale Keko hajifunzi kupiga randa kwa kuonyeshwa picha za randa ukutani. Anakaa na fundi mkubwa, anaharibu mbao kadhaa, anakemewa, na siku moja mlango wake unafunga vizuri. Kazi ya data nayo iko hivyo, na vyuo vyetu vingi vimeigeuza kuwa somo la kukariri.

Nianze na hizo sare za shule, maana ndani yake ndimo ulimo ugonjwa. Nimesahihisha tasnifu za namna hiyo kwa miaka mingi, na ningeweza kukueleza sura ya tatu ya tasnifu zenu bila kuiona. Inaanza na fomula ya Yamane, ambayo huchukua idadi ya watu na kuigawa kwa moja kujumlisha idadi hiyohiyo iliyozidishwa kwa kipeo cha pili cha kiwango cha makosa. Mwanafunzi akichagua makosa ya asilimia 5, jibu haliwezi kufika 400 hata kama anatafiti mkoa mzima wa Dar es Salaam, ambao sensa ya 2022 iliuhesabu kuwa na watu 5,383,728. Akichagua asilimia 10, haliwezi kufika 100. Ndiyo maana sampuli za tasnifu zetu ni 99 au 399, kana kwamba nchi nzima ina maswali ya ukubwa wa aina mbili tu. Kinachosahaulika ni kwamba fomula hiyo haina maana yoyote mpaka masharti yake yatimie: kwamba unakadiria uwiano mmoja katika watu wote, na kwamba kila aliyemo katika orodha alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mwanafunzi hana orodha. Anakwenda Kariakoo na madodoso 99 mkononi, anawapa wenye maduka ambao wana nafasi na sura ya ukarimu, na jioni anarudi na sampuli ambayo ukubwa wake uliamuliwa na fomula lakini watu wake waliamuliwa na jua na foleni.

Kosa la pili ni zito zaidi, na ndilo linalonifanya niamini kwamba tatizo si ukosefu wa programu. Dodoso linamwambia mfanyabiashara, "Riba kubwa husababisha biashara ndogo kufa," kisha linamtaka achague kati ya 1, yaani sikubali kabisa, na 5, yaani nakubali sana. Wastani unatoka 4.2, mwanafunzi anautafutia uhusiano na wastani mwingine wa maoni, na katika sura ya tano anahitimisha kwamba riba ina athari kubwa kwa uhai wa biashara. Alichokipima ni maoni ya watu kuhusu chanzo. Chanzo chenyewe hakukigusa. Angetaka kujua kama riba inaua biashara, angehitaji biashara zilizokopa kwa riba tofauti, azifuatilie kwa muda, na zaidi ya hapo aeleze kwa nini tuamini kwamba zile zilizopewa riba kubwa hazikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa kuwa mkopeshaji naye ana macho. Hata ukimnunulia mwanafunzi huyu programu ya bei ghali kiasi gani, itamkokotolea kosa lake kwa desimali nyingi zaidi.

Kurudia utafiti wa wengine kunatibu makosa haya yote mawili kwa sababu kunamlazimisha mtu aione njia yote, kuanzia swali mpaka jedwali, kabla hajadai kuwa na swali lake mwenyewe. Ningekuwa idarani kwenu ningeanza na data za Kagera. Kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji kaya zaidi ya 900 mkoani humo, lengo likiwa kupima athari za vifo vya watu wazima wakati ukimwi ulipokuwa umeushika mkoa ule. Mwaka 2004 wadadisi walirudi kuwatafuta watu wa kaya zile popote walipokuwa wamehamia, hata ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, na wakapata angalau mtu mmoja kutoka katika zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo. Kwa kuwa watoto walikuwa wamekua, wakaoa, wakaolewa na kusambaa, zile kaya 900 na ushei zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walizitumia data hizo kuonyesha kwamba, ukilinganisha watu waliotoka katika kaya ileile, matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya matumizi ya waliobaki. Makala yao inasomeka, na data zenyewe mtafiti huzipata bila malipo.

Fikiria wiki za kwanza za zoezi hilo zitakavyokuwa. Wiki ya kwanza msikokotoe chochote; hesabuni tu. Faili hili lina mstari mmoja kwa kila mtu au kwa kila kaya? Waliohojiwa mwaka 1991 ni wangapi, waliofariki ni wangapi, na ambao hawakupatikana ni wangapi? Wiki ya pili unganisheni faili la watu na faili la matumizi, na hapo mtaona maajabu: mistari 6,000 itageuka 40,000 kwa sababu mtu ameunganisha kwa namba inayojirudia. Aliyewahi kupatwa na jambo hilo hasahau tena kuhesabu kabla na baada ya kuunganisha, na hakuna mhadhara unaoweza kumfundisha tabia hiyo. Baadaye ndipo mtafika kwenye maswali yenye utamu. Kwa nini waandishi walilinganisha watu wa kaya moja badala ya kuwalinganisha wahamaji wote na wakaaji wote? Kwa sababu wanaohama huenda wanatoka kwenye nyumba zenye uwezo. Je, hilo linatosha? Halitoshi, kwa kuwa hata katika nyumba moja huenda anayetumwa mjini ni yule mwenye akili kali au asiyeogopa safari. Waandishi wanalijadili jambo hilo, nanyi mtalijadili, na kikao hicho kimoja kitawafundisha mengi kuhusu chanzo na matokeo. Kisha waombeni wanafunzi wakokotoe ukuaji wa matumizi kwa waliobaki kijijini peke yao, wakijifanya kwamba wadadisi hawakumfuata mtu yeyote. Takwimu itakayotoka itawafundisha maana ya sampuli kuliko fomula yoyote.

Kwa wale ambao rigresheni, yaani hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyobadilika pamoja na mengine, bado inawatisha, upo utafiti mwepesi zaidi kuanza nao, nao ni wa KiuFunza, ulioendeshwa na shirika la Twaweza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10 za Tanzania. Shule ziligawanywa kwa kura: nyingine zilipewa ruzuku, nyingine walimu wake waliahidiwa motisha kulingana na wanafunzi watakaofaulu, nyingine zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama za wanafunzi, ilhali ruzuku pamoja na motisha iliziinua. Hesabu yake ni nyepesi kwa kuwa kura ilishafanya kazi ngumu, na mhadhiri aliyekaa miaka kumi bila kugusa data anaweza kulifikia jedwali kuu kwa wiki chache. Mkishavuka hapo, mkononi mna Utafiti wa Kitaifa wa Kufuatilia Kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, unaojulikana kwa kifupisho NPS, ulioanza mwaka 2008/09 kwa kaya 3,265 na kurudiwa mara kadhaa baadaye. Huo unatosha kuzalisha tasnifu za idara yenu kwa miaka bila mwanafunzi yeyote kuchapisha dodoso.

Najua utaniuliza kama ninataka kuwafuga watafiti wa mezani wasiojua vumbi. La. Data iliyosafishwa na wengine inaficha namna ilivyozaliwa, na hapa ndipo mtafiti aliyekulia katika lugha hii ana jambo ambalo mgeni hana. Nitakupa kosa langu mwenyewe. Niliwahi kusimamia utafiti mdogo wa muda wa safari za wafanyakazi kutoka Mbagala na Gongo la Mboto kwenda katikati ya jiji. Dodoso liliuliza, "Unatoka nyumbani saa ngapi?" Mhojiwa akisema saa kumi na moja alfajiri, mdadisi mmoja aliandika 11 kama alivyosikia, na mwingine, aliyeelimika zaidi, aliandika 5. Tulipofungua data tulikuta baadhi ya watu wa Mbagala wanaondoka saa tano asubuhi na kufika kazini kabla hawajaondoka. Hatukuwa na njia ya kujua 11 ipi ni ipi, tukatupa sehemu kubwa ya majibu. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikulijaribu dodoso hata kwa watu ishirini kabla ya kuanza.

Mambo ya namna hiyo yamejaa. Gunia si kipimo mpaka ujue kama ni la kawaida au ni lumbesa, na fungu la nyanya la asubuhi si fungu la jioni. Ukimuuliza mama lishe mapato yake ya siku, atakutajia mauzo, na ukiyachukulia kuwa faida umemtajirisha kwa kalamu. Ukimuuliza kama ana mkopo atakujibu hana, ingawa mchele ameuchukua kwa mali kauli, anadaiwa mchango wa kikoba, na wale wa kausha damu watapita jioni. Neno mkopo kwake ni jambo la benki. Hata kaya yenyewe, ambayo tunaifafanua kuwa ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, inakuwa kitendawili katika nyumba ya vyumba sita pale Manzese, ambamo kaka wawili wanalala chumba kimoja, mmoja anakula kwa mama lishe na mwingine kwa dada yake mlango wa tatu. Msidhani haya ni madogo. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waligawa kwa kura aina 8 tofauti za maswali ya matumizi kwa kaya takriban 4,000 hapa nchini, na kiwango cha umaskini kilichopatikana kilibadilika sana kutegemea tu ni aina ipi kaya ilipangiwa. Kwa hiyo katika nusu ya pili ya mwaka nendeni uwandani, lakini kwa udogo: soko moja, mtaa mmoja, watu 60 au 80, orodha mliyoiandika wenyewe kwa kupita meza hadi meza, na dodoso la ukurasa mmoja lililojaribiwa mara mbili. Na lugha ya dodoso iwe Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, hata kama tasnifu itaandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa swali lililotafsiriwa usiku wa kuamkia uwandani ndilo linalozaa data za saa kumi na moja.

Zoezi hili lote litakufa mwezi wa tatu kama halina kikao. Tengeni saa mbili kila wiki, siku ileile, chumba kilekile, ambapo mtu mmoja anaonyesha alichofanya na wengine wanauliza. Asionyeshe slaidi; afungue faili lake la amri, yaani lile lenye maagizo yote aliyoiandikia programu ya takwimu, na aliendeshe mbele ya watu. Mwanzoni kutakuwa na aibu, hasa kwa wakubwa, na mkuu wa idara akikubali kuwa wa kwanza kukosea hadharani mtakuwa mmepiga hatua ambayo fedha hainunui. Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, umewalea wachumi wengi wa bara hili kwa utaratibu wa jinsi hii: mtafiti anakuja na andiko, anarudi na kazi iliyofika katikati, anarudi tena na ripoti, na kila mara anakutana na wasomaji wakali na wenzake wa nchi nyingine. Tangu 1993 pia wana programu ya pamoja ya uzamili, ambayo huwakusanya pamoja wanafunzi wa vyuo mbalimbali kwa masomo ya kuchagua, kwa kuwa si kila idara inaweza kuwa na mwalimu wa kila fani. Hapa nyumbani taasisi ya utafiti ya REPOA, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilianza kwa kutoa ruzuku ndogo za utafiti zilizoambatana na malezi ya watafiti vijana. Ninyi hamhitaji muungano wa bara. Vyuo vitatu vya jiji hili vikikubaliana kukutana mara moja kwa mwezi, mmoja akiwa na mtu wa takwimu, mwingine mtu wa uchumi wa kilimo, mtakuwa mmelipata lile ambalo mkufunzi wa siku tatu hawezi kuliacha nyuma yake, yaani mtu wa kumuuliza Jumatatu inayofuata.

Kuhusu wasimamizi wa tasnifu ambao wana wanafunzi wengi kupita kiasi na kazi za ushauri elekezi mfukoni, sina dawa. Mtu hupandishwa cheo kwa machapisho, hulisha watoto kwa ushauri elekezi, na usimamizi mzuri haumpi lolote kati ya hayo. Ninachoweza kupendekeza ni kwamba idara idai jambo moja ambalo halihitaji fedha: tasnifu isipokelewe bila data na faili la amri, na msahihishaji alifungue aone kama majedwali yanatoka. Programu za akili unde siku hizi zinaweza kumwandikia mwanafunzi amri hizo, na sioni ubaya, ilimradi siku ya utetezi aweze kueleza kila mstari unafanya nini na kwa nini, tuseme, watu 212 waliondolewa kwenye data.

Vibali ni jambo la uvumilivu tu. Barua inatoka chuoni, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Wilaya, inashuka kwa mtendaji wa kata na kuishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Anzeni wiki nyingi mapema, na mkigusa masuala ya afya mtahitaji pia kibali cha maadili. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, kwa hiyo majina na namba za simu za wahojiwa yawekwe katika faili la peke yake lenye nywila, wala yasizunguke kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Sasa shilingi 12,000,000. Programu ya takwimu ya R ni ya bure. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na hakuna kitu katika tasnifu zenu ambacho itashindwa kukifanya. ODK na KoboToolbox nazo hukusanya data kwa simu ya kawaida ya Android, hata pasipo mtandao, na mnaweza kuzipanga zidai saa pamoja na asubuhi au jioni, mkitaka kuikwepa aibu yangu. Kwa hiyo ningeweka takriban nusu ya fedha kwenye kompyuta chache za mitumba zenye kumbukumbu ya GB 8, betri za kukabili kukatika kwa umeme na intaneti ya chumba kimoja. Robo ningemlipa mtu mmoja anayejua, hata akiwa mwanafunzi wa uzamivu kutoka Mlimani, ili aje kila wiki badala ya kuja mara moja. Inayobaki ni nauli, maji ya kunywa na posho ya wadadisi wa ule utafiti mdogo wa sokoni.

Data za Kagera zichukueni wiki hii, na mkikwama kwenye kuunganisha mafaili niandikieni. Ila mniambatishie faili la amri lenyewe, si picha ya skrini.